Lubumbashi: udongo umepimwa, majibu hayajafika soko la Kenya

Tarehe 4 Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda yalitoroka kwenye bwawa la kampuni ya Congo Dongfang International Mining (CDM), tawi la kampuni ya China Zhejiang Huayou Cobalt, yakaingia katika mitaa ya watu mjini Lubumbashi. Kasapa, Kamatete na Kamisepe ndiyo majina yaliyosikika zaidi. Siku mbili baadaye waziri wa madini, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Kwa mujibu wa waziri, eneo hilo halikuzuiwa vizuri ili maji yasipenye ardhini, halikuwa na visima vya kuchunguza maji ya chini, wala halikuwa na mpango wa dharura.

Amri ilikuwa kali, na wengi waliipongeza. Lakini kufunga kiwanda hakuambii familia kama kisima chao kinanyweka, kama lengalenga iliyo shambani iliwe au ing'olewe, na kama mtoto aliyekanyaga maji hayo apelekwe kupimwa. Hayo ni maswali ya utafiti. Jambo la kushangaza ni kwamba upande huo huo wa Kasapa ndiko iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, chuo ambacho kwa miaka mingi kimepima udongo, mboga, mkojo na damu ya watu wa Katanga kuliko pengine taasisi nyingine yoyote nchini.

Kwa hiyo utafiti upo. Kinachokosekana ni njia ya kutoka maabara hadi komine.

Kuelewa kwa nini jambo hili lina uzito, inafaa kutazama ardhi yenyewe. Lubumbashi imejengwa juu ya uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, karibu na mgongo wa ardhi unaogawa maji ya mto Kongo na yale ya Zambezi. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na Luapula inakwenda ziwa Mweru kabla ya maji kuendelea hadi Lualaba. Nchi ya juu ni chanzo cha maji. Kinachomwagwa hapa hakibaki hapa. Watu wanaoishi mbali kabisa na migodi, hata wale wa upande wa Zambia wanaovua Luapula na Mweru, wako kwenye njia ya maji hayo.

Na milima yenyewe ina historia yake. Vilima vya shaba vya Katanga, vile ambavyo mtu anaviona vimebaki bila miti katikati ya pori la miombo, viliwavutia wataalamu wa mimea tangu zamani. Mbelgiji Paul Duvigneaud alivichunguza katika miaka ya 1950 na 1960. Baada yake François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi miaka mingi, aliendeleza kazi hiyo. Waligundua kwamba shaba nyingi ardhini inaua mimea mingi, lakini mimea mingine imezoea, na baadhi haipatikani popote pengine duniani. Ua moja dogo, Haumaniastrum katangense, lilijulikana kama ua la shaba: watafuta madini walilifuata ili kujua pa kuchimba, na wataalamu wa mambo ya kale walilitumia kutafuta mahali ambapo mababu walikuwa wakiyeyusha shaba kabla ya Wazungu kufika. Mmea mwingine, Crotalaria cobalticola, unabeba jina la kobalti kabisa.

Utafiti wa kwanza wa mazingira ya Katanga, basi, ulikuwa pia utafiti wa kutafuta mali. Ua lilisomwa ili lioneshe mahali pa kuchimba. Na kila kilima kinachochimbwa leo kinaondoka na mimea yake.

Mjini, alama ya wazi zaidi ni ile cheminé ndefu ya Gécamines na mlima mweusi wa takataka za kuyeyusha shaba ulio kando yake. Kiwanda hicho kilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, enzi za Union Minière. Moshi wake, wenye salfa na vumbi la madini, ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki kwa miongo mingi, ukaangukia upande mmoja wa mji. Wataalamu wanaliita eneo hilo koni ya uchafuzi. Mtaa wa Penga Penga uko ndani yake. Huko miti ilikufa, udongo ukabaki mtupu, na mvua ikauchimba. Watu wakajenga, kwa sababu watu hujenga pale wanapopata kiwanja.

Penga Penga ni mfano mzuri wa utafiti uliorudi kwa wananchi, na mifano ya namna hiyo ni michache. Watafiti wa kitivo cha kilimo cha UNILU, akiwemo Mylor Shutcha, wakishirikiana na vyuo vya Ubelgiji, walijaribu kufunika udongo ule kwa nyasi za kienyeji zinazovumilia shaba, wakichanganya chokaa na mboji. Wazo si kuondoa shaba. Hiyo ingegharimu fedha ambazo hakuna aliye nazo. Wazo ni kuifunga ardhini: chokaa inapunguza ukali wa udongo ili madini yasiyeyuke kwa urahisi, mboji inayashika, na nyasi zinazuia vumbi lisiruke kuingia nyumbani. Jaribio lilionesha kwamba nyasi hizo zinaweza kushika mahali ambapo hakuna kilichoota kwa miaka. Jirani wa Penga Penga anaweza kuona tofauti kwa macho yake, bila kusoma jarida lolote.

Lakini utafiti uliotikisa zaidi ulikuwa wa mwili wa binadamu. Mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa shule ya afya ya umma ya UNILU, pamoja na Benoit Nemery wa chuo kikuu cha Leuven na wenzao, walitangaza matokeo ya vipimo vya mkojo vya watu 351 wa kusini mwa Katanga. Watu 179 waliishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini. Wengine 112 waliishi kati ya kilomita 3 na 10. Sitini walitoka kijijini kusiko na migodi, ili kulinganisha. Kobalti, aseniki, kadimiamu, risasi na urani vilikuwa juu kwa wale walio karibu na migodi. Kuhusu kobalti, watafiti waliandika kwamba viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida, yaani watu wasiofanya kazi ya kobalti.

Hapa panahitaji uangalifu. Mkojo wenye kobalti unaonesha kwamba kobalti imeingia mwilini. Hauoneshi moja kwa moja kwamba mtu ni mgonjwa. Mwili unahitaji kobalti kidogo sana, ile iliyo ndani ya vitamini B12. Ikizidi kwa muda mrefu inaweza kuumiza moyo, mapafu na tezi ya shingo, lakini ni kiasi gani na baada ya miaka mingapi kwa mtoto wa Katanga, hilo linahitaji kufuatilia watu wale wale kwa miaka. Kazi ya namna hiyo ni ghali, na ndiyo inayopata fedha kwa shida.

Inaingiaje mwilini? Swali hilo lilifuata, na jibu lililochapishwa mwaka 2014 linagusa kila jikoni. Kwa watu wazima, njia kubwa ilikuwa chakula, hasa chakula kinacholimwa karibu. Kwa watoto, vumbi: mikono michafu, kucheza chini, vumbi la ndani ya nyumba. Watafiti wa kilimo wa UNILU, akiwemo Michel Mpundu, nao wamepima bustani za mboga za mji na kukuta madini kwenye udongo na kwenye majani.

Ndiyo maana soko la Kenya linaingia katika habari hii. Kenya ni komine ndogo yenye watu wengi, haina mgodi, haina cheminé. Mtu wa huko anaweza kufikiri kwamba mambo ya Penga Penga na Kasapa ni ya majirani. Lakini soko lake linapokea lengalenga, matembele na sombe kutoka bustani za kila upande wa mji, na mboga zikishafungwa mafungu hakuna anayejua zilimwagiliwa maji ya mto gani. Mama anayeuza hajui. Anayenunua hajui pia. Kuosha mboga kwa maji safi kunasaidia, kwa sababu sehemu ya madini ni vumbi lililokaa juu ya jani. Hakuondoi kile ambacho mzizi umekwisha kukinyonya. Bustani mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana sana, moja ikiwa ndani ya koni ya moshi wa zamani na nyingine nje. Bila ramani ya bustani iliyo wazi kwa wote, onyo lolote la jumla litawaumiza wauzaji wote, hata wale ambao mboga zao hazina tatizo. Huenda hofu hiyo ni sababu mojawapo ya viongozi kunyamaza. Lakini kunyamaza hakumlindi yule mwenye bustani safi: siku tetesi ikienea, yeye ndiye atakayekosa karatasi ya kuonesha.

Kisha kuna jambo la watoto wanaozaliwa na kilema. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika Lubumbashi kati ya 2013 na 2015. Watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana walilinganishwa na 108 waliozaliwa bila kilema. Jambo lililojitokeza kwa nguvu zaidi ni kazi ya baba: baba aliyefanya kazi zinazohusiana na uchimbaji alikuwa na uwezekano uliozidi mara tano wa kuwa upande wa watoto wenye kilema. Vyombo vya habari vya kimataifa viliandika sana. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba namba hiyo ina ukungu mpana kwa sababu watu waliopimwa ni wachache: hesabu ya watafiti wenyewe inaruhusu hatari halisi iwe ndogo karibu na hakuna, au kubwa mara nyingi zaidi. Na vipimo vya madini mwilini, kwa sehemu kubwa, havikutofautisha makundi hayo mawili.

Hiyo si sababu ya kuutupa utafiti. Ni sababu ya kuurudia kwa watu wengi zaidi, na kumwambia mchimbaji jambo ambalo anaweza kulifanya leo bila kungoja: asirudi nyumbani na nguo za kazi, anawe kabla ya kumbeba mtoto, asihifadhi mifuko ya madini ndani ya nyumba. Je, ujumbe huo uko kwenye ukuta wa vituo vya afya vya Kenya au Katuba, kwa Kiswahili? Utafiti wenyewe ulitoka kwa Kiingereza.

Lugha ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni maabara. Kupima madini kidogo sana ndani ya mkojo kunahitaji mashine ya bei kubwa, umeme usiokatika, gesi safi na fundi wa kuitunza. Vipimo vya 2009 vilifanyiwa Ubelgiji. Utaratibu huo umeleta namba zinazoaminika, na ushirikiano wa kweli kati ya watafiti wa pande mbili. Lakini una maana kwamba siku bwawa linapopasuka, mji wenye madini yanayotafutwa na dunia nzima unaweza kulazimika kungoja sampuli zivuke bahari. Nchi hii inatoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia. Mwaka 2025 serikali ilikuwa na uwezo wa kuzuia kobalti yote isitoke nchini kuanzia Februari, na kisha kuweka mgao wa kuuza nje kuanzia Oktoba, ili bei ipande. Serikali yenye nguvu hiyo haiwezi kusema kwamba kuweka mashine chache za kupimia katika UNILU, na kuzilisha umeme, ni mzigo usiobebeka.

Fedha zinapitia wapi? Kodi ya madini iliyorekebishwa na sheria ya Machi 2018 inagawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa eneo la chini ambako uchimbaji unafanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni pia zinatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na mradi. Angalia mpangilio huo ukiwa umesimama Kenya. Komine isiyo na mgodi ndani ya mipaka yake haipati ile 15. Mipaka ya komine inafuatwa na mhasibu. Vumbi, mboga na maji ya mtoni havina habari nayo. Njia iliyobaki kwa komine kama hiyo ni ile 25 ya jimbo, na hapo ndipo bunge la jimbo la Haut-Katanga lingeweza kuuliza swali rahisi: katika fedha hizo, ni franka ngapi zimekwenda kupima udongo na maji?

Kuna wanaosema kampuni zenyewe zilipe watafiti. Tayari zinalipa, kwa sababu sheria inazidai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi. Tatizo linajulikana, na mwaka huo huo wa 2025 majirani wa Zambia walilionesha vizuri. Tarehe 18 Februari bwawa la takataka la kampuni ya Sino-Metals Leach lilipasuka karibu na Chambishi, asidi ikaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Hesabu ya mwanzo ilikuwa lita milioni 50. Baadaye kampuni ya Afrika Kusini, Drizit, iliyoajiriwa na Sino-Metals yenyewe kuchunguza, ilisema kilichomwagika ni tani milioni 1.5. Mkataba wake ulivunjwa kabla tu ya ripoti ya mwisho kukabidhiwa, Sino-Metals ikidai kazi ilikuwa na kasoro. Nani alikuwa na haki kati yao ni jambo la mahakama na wataalamu. Kwa mkulima wa Kafue, matokeo ni kwamba namba mbili zinazotofautiana mara nyingi zilibaki mezani, na mwenye kulipa ndiye aliyekuwa na kalamu.

Lubumbashi haina budi kusoma somo la jirani kabla ya hesabu zake yenyewe kugombaniwa. Mwandishi wa ripoti asilipwe na aliyemwaga. Kampuni inaweza kutozwa, fedha zikaingia mfuko unaosimamiwa na chuo, jimbo na mashirika ya kiraia, kisha watafiti wakalipwa kutoka huko. Si mpango mgumu. Mashirika hayana upungufu wa uzoefu: AFREWATCH, lenye makao Lubumbashi, lilishirikiana na RAID la Uingereza mwaka 2024 kutoa ripoti kuhusu mito iliyo karibu na migodi mikubwa ya kobalti.

Sheria haipingi. Katiba, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira salama, na ibara ya 54 inasema uchafuzi unaotokana na biashara unadai fidia. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inampa raia haki ya kupata habari kamili na sahihi kuhusu mazingira yake. Lakini fidia inahitaji ushahidi, na ushahidi ni kipimo cha kabla na kipimo cha baada. Anayedai bustani yake imeharibiwa mwezi wa kumi na moja ataulizwa ilikuwaje mwezi wa kumi. Wengi hawana jibu. Watafiti wa UNILU, kwa baadhi ya mitaa, wanalo, kwenye makabati na kompyuta zao.

Suala la makala lingestahili makala yake lenyewe. Linafaa kutajwa hapa kwa sababu ni utafiti wa chuo hicho hicho na linafika soko hilo hilo la Kenya kila asubuhi kwa baiskeli na malori. Héritier Khoji, Yannick Useni na wenzao walitumia picha za satelaiti kupima pori la miombo katika eneo linalolisha Lubumbashi kwa makala. Mwaka 1990 pori lilifunika karibu asilimia 78 ya eneo hilo. Mwaka 2022 lilibaki karibu asilimia 40. Miombo ina bahati moja: kisiki kikiachwa bila moto na bila jembe kinachipuka tena. Mradi uitwao CHARLU ulifanya kazi na vijiji kuhusu hilo. Hata hivyo hakuna familia itakayoacha makala wakati umeme unakatika kabla bukari haijaiva, kwa hiyo kumlaumu mkataji wa miti peke yake ni kupoteza muda.

Sasa kuna suala la majira. Mvua za Lubumbashi zinaanza karibu Novemba na kwisha Aprili. Wakati wa mvua, kilichomwagika kinaoshwa kwenye mifereji, kinaingia visima na mito, na kipimo cha maji kinasema ukweli. Kuanzia Mei mifereji inakauka, tope lililobaki linageuka vumbi, na hapo cha kupima ni hewa, sakafu za nyumba na mikono ya watoto. Amri ya miezi mitatu iliyotolewa Novemba 2025 ilihesabiwa kwa kalenda ya kiwanda, na inaishia katikati ya mvua, miezi mitatu kabla ya vumbi kuanza. Atakayetaka kujua Kasapa na Kamatete zimebaki na nini atalazimika kuchukua sampuli mara mbili, kabla mvua haijakatika na tena wakati wa kiangazi, katika visima vile vile na bustani zile zile, na matokeo ya mara ya kwanza yabandikwe komine zote saba kabla ya kwenda kuchukua yale ya pili.